Pipa la Njia Panda ya Kapsoit

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoajiriwa kuhesabu ng'ombe. Barua ya kazi haikusema hivyo. Barua ilisema nitahesabu magari katika njia panda ya Kapsoit, kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumapili mapumziko. Nilifurahi mno. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimepanda kutoka kwetu ziwani na cheti cha shule ya misheni mfukoni, nikidhani mashamba ya chai yana uhaba wa watu wa kusoma. Kumbe yalikuwa na uhaba wa watu wa kuchuma. Nikachuma. Mvua ya Kericho ilinilowesha kila siku saa nane bila kukosa, nikawa mtu wa kukohoa. Kwa hiyo siku Mzungu wa barabara alipokuja shambani kuuliza ni nani anayejua kuandika tarakimu zikasomeka, nilinyoosha mikono yote miwili.

Tulimwita Bwana Barabara. Alikuwa mrefu, mwembamba, magoti mekundu kwa jua, na alipenda sana vitu vilivyopangwa. Penseli zake alizilaza mezani kwa kufuata urefu. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa Wazungu wenzake wakulima, na kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama amri, hata akitaka kukushukuru.

Shida yake ilikuwa hiyo njia panda. Barabara tatu zinakutana pale: moja inatoka Kericho, moja inateremka Soin kwenda ziwani, na moja inakwenda Sondu. Siku hizo zote tatu zilikuwa za udongo mtupu. Asubuhi yalipanda magari ya ng'ombe kutoka nchi ya chini, kila gari likivutwa na maksai kumi na sita, yakipeleka mahindi ya posho ya wafanyakazi mashambani. Walipanda pia mama zetu wa ziwani na vikapu vya samaki wakavu. Kutoka upande wa pili liliteremka lori la masanduku ya chai. Katikati ya hayo yote walivuka ng'ombe wa Wakipsigis wakienda mtoni, bila haraka, na kila siku alipita mwalimu wa katekisimu juu ya baiskeli isiyo na breki, akipiga kelele za kuomba njia tangu akiwa mbali kilimani. Vyote hivyo vikikutana kwa wakati mmoja, hakuna kilichosogea. Siku moja meneja mmoja wa shamba alikaa ndani ya motokaa yake pale muda mrefu hata akalala, akaamka, akakuta ng'ombe aliyesimama mbele yake naye amelala.

Barua ya malalamiko ikaandikwa. Bwana Barabara akaambiwa alete mpango.

"Kwanza mimi nataka hesabu," aliniambia. "Kila kitu napita, wewe andika."

Akanipa karatasi zenye mistari. Safu ya kwanza ilikuwa ya motokaa, ya pili lori, ya tatu magari ya ng'ombe, ya nne baiskeli. Ya mwisho, nyembamba kuliko zote, iliandikwa "Mengineyo." Nikakaa juu ya jiwe chini ya mwavuli, nikaanza. Jioni ya siku ya kwanza nilimpelekea karatasi. Safu ya motokaa ilikuwa na alama mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa yake mwenyewe. Baiskeli moja. Safu ya Mengineyo ilikuwa imejaa, ikavuka mstari, ikapanda pembeni, ikageuka nyuma ya karatasi na kuendelea huko.

"Hii nini?"

"Mengineyo, Bwana."

"Mengineyo mingi namna hii? Kitu gani?"

"Ng'ombe, Bwana. Na mbuzi, na kondoo, na akina mama wa samaki."

"Kondoo si trafiki!"

"Ndiyo, Bwana. Lakini wenyewe hawajui."

Alinitazama sana, halafu akakubali kuwa hoja ina uzito. Kesho yake akanichorea safu mpya kwa rula, moja ya kondoo peke yao. Tukaendelea vizuri mpaka siku ya nne, alipoona nimeandika ng'ombe na nusu.

"Nusu ng'ombe?"

"Aliingia njia panda asubuhi, Bwana. Hajatoka mpaka sasa."

Baada ya majuma mawili Bwana Barabara alijifungia ofisini na karatasi zangu. Alipotoka alikuwa anang'aa uso. Akaniita mezani, akaweka kikombe cha chai katikati, akachukua viberiti vitatu, akavisukuma kuzunguka kikombe kimoja nyuma ya kingine. Akanieleza kwamba katika miji ya kwao hivi ndivyo magari yanavyopita penye njia panda. Hakuna anayesimama kumngoja mwenzake. Kila anayefika anashika kushoto, anazunguka kile kitu cha katikati kikiwa mkono wake wa kulia, mpaka afikie barabara anayoitaka, anatoka. Basi. Viberiti vilizunguka vizuri ajabu. Hata mimi nilivutiwa.

Tukachukua pipa kubwa la lami lililokwisha, tukalipaka chokaa, tukalijaza mawe, tukalisimamisha katikati ya njia panda. Kulizunguka tukapanga mduara mpana wa mawe meupe. Juu ya pipa akasimamishwa askari, mtu wa milima ya Kisii, mpole, mwenye sauti ya kuimba kwaya. Bwana Barabara alitaka avae glavu nyeupe ili mikono ionekane toka mbali. Glavu hazikupatikana Kericho nzima. Mwishowe akampa soksi zake mwenyewe za kuchezea mpira. Askari akazivaa mikononi mpaka kwenye viwiko. Zilionekana toka mbali kweli, lakini ndani ya soksi vidole havikujulikana viko wapi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kama anaambiwa pita au anaambiwa simama.

Ikabaki kuwatangazia watu. Siku ya soko nilipanda juu ya sanduku nikatangaza kwa Kiswahili. Mama mmoja muuza maziwa, Mkipsigis, aliyejua Kiswahili kuliko wote pale sokoni, akakubali kunifasiria. Yeye aliuza mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, na alikuwa na kawaida ya kusema mambo bila kucheka hata kidogo. Bwana Barabara alikuwa ameniagiza kwa maneno yake: "Watu yote zunguka pipa." Nami, kwa kuwa ni mtu wa kufuata agizo, nikatangaza hivi: "Kuanzia Jumatatu, kila mtu atakayefika hapa njia panda ni sharti azunguke pipa. Ni amri."

Sikueleza kwa nini. Hakuna aliyeniuliza. Watu walikuwa wamezoea amri zisizo na sababu.

Jumatatu asubuhi nilifika nikakuta mduara umejaa. Waliokuwa wakienda Sondu walikuwa wakizunguka. Waliokuwa wakienda Kericho walikuwa wakizunguka. Mzee mmoja ambaye boma lake lilikuwa upande huu huu wa barabara, na hakuwa na safari yoyote, alikuwa ametoka nyumbani akaja, akazunguka pipa, akamsalimu askari kwa heshima, akarudi zake. Akina mama wa samaki walizunguka na vikapu vyao vichwani wakiimba. Mwalimu wa katekisimu alizunguka mara nyingi kuliko wote, kwa sababu baiskeli haikuweza kusimama.

Alikuja mwanamke mmoja akazunguka mara moja, akatulia, akaanza tena.

"Mama, imetosha," nikamwambia.

"Ya kwanza ni yangu," akasema. "Hii ni ya mume wangu. Ana homa."

"Si lazima azungukiwe."

"Ukija kuuliza baadaye kwa nini hakuzunguka, nitasema nini?" Akaendelea. Alipomaliza ya mumewe akazunguka nyingine ya mama mkwe wake, akaniomba niandike. Nikaandika, chini ya Mengineyo.

Mtu mmoja tu alikataa katakata. Alikuwa mama mzee, shangazi wa yule muuza maziwa, aliyekuja sokoni na fimbo na tumbaku yake. Aliniita "Pwana Garani," yaani Bwana Karani, kwa namna ya watu wa huko, nami nilimwita Mama. Alisimama akalitazama pipa, akamtazama askari na soksi zake, akasema kwamba amezaliwa hapo Kapsoit na hajawahi kupotea kiasi cha kuhitaji kuzunguka. Akapita katikati, kati ya pipa na mawe, moja kwa moja kama mtu anayevuka uwanja wake. Askari akainua soksi. Shangazi akamsalimu, akaendelea.

Jumamosi, Bwana Barabara alipoona watu wanazunguka duara zima na wengine hata mbili, aliniagiza niwaonyeshe kwa vitendo. Nikamwomba muuza maziwa tuonyeshe pamoja, ili watu waone mfano wa mtu wa kwao. Tulianzia upande wa Soin. Nilitaka tuzunguke nusu, tutokee barabara ya Kericho. Lakini tulipofika pa kutokea, kundi la mbuzi lilikuwa limeziba. Tukaendelea na mzunguko tungoje wapite. Mara ya pili ilikuwa ni akina mama wa samaki. Mara ya tatu mwalimu wa katekisimu alikuwa anakuja, tukamkwepa. Mara ya nne tukafanikiwa kutoka, na watu wote wa soko wakapiga vigelegele.

Nilidhani wamenielewa. Nikawainamia.

Shangazi akanijia taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sasa wewe ni mtoto wetu," akasema.

"Asante, Mama."

"Ng'ombe utaleta lini?"

"Ng'ombe wapi?"

Akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Kwao bwana arusi na bibi arusi huzunguka matawi yaliyosimikwa mbele ya nyumba, yaani madhabahu ya boma. Huzunguka mara nne. Na mimi, mbele ya soko zima, mchana kweupe, nimezungushana na binti wa kaka yake mara nne, tena nikawainamia mashahidi. Nikamgeukia muuza maziwa anisaidie. Alikuwa akitazama chini, akichorachora udongo kwa dole gumba la mguu, kama bibi arusi hasa.

"Lakini lile ni pipa la lami!" nikasema.

"Ndiyo," shangazi akasema, "hata sisi tumeshangaa. Lakini mmelipamba vizuri. Mmelipaka hata chokaa."

Usiku ule sikula. Nilimfikiria mama yangu kule ziwani na mhubiri wetu, na binti mmoja wa kwaya niliyekuwa nikimwandikia barua ndefu. Jumapili nilikwenda kanisani nikakaa nyuma kabisa. Jumatatu shangazi alikuja na wazee wawili wakakaa juu ya nyasi karibu na jiwe langu, wakanitazama nikihesabu, wakizungumza kwa sauti ya chini na kuonyesha urefu wa mikono yangu. Nikamwomba shangazi, nikamsihi, aniambie kama kuna njia ya kulitengua jambo hili.

Alifikiri kidogo. Akavuta tumbaku. "Kilichofungwa kwa kuzunguka huku," akasema, "hufunguliwa kwa kuzunguka kule. Mara nne pia."

Nikashukuru Mungu, nikamwita muuza maziwa, tukaanza pale pale. Hatukufika mbali. Askari alipiga filimbi kutoka juu ya pipa.

"Karani! Mnakwenda kinyume!"

"Najua. Tunafungua ndoa."

"Hata kama. Nimeambiwa atakayezunguka kinyume nimkamate." Alikuwa ananisikitikia kweli, niliona machoni. "Lete barua ya Bwana, nami nitafumba macho."

Nikaenda kwa Bwana Barabara. Sijui niseme nini juu ya ile saa niliyosimama mbele ya meza yake nikimweleza kwamba sheria yake ya kushika kushoto inanizuia kuachana na mke ambaye nilimwoa kwa bahati mbaya nikiwa kazini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akapanga penseli zake upya. Akaniuliza kama ndoa hiyo ilitokea saa za kazi, nikasema ndiyo, saa nne asubuhi. Akasema basi ofisi inahusika. Nikapiga taipu kibali mwenyewe, yeye akatia sahihi na mhuri: "Karani na mama huyu wanaruhusiwa kuzunguka pipa upande usio halali, mara nne tu, Jumatano asubuhi, kwa sababu za ndoa."

Akasema tumalize mapema. Jumatano hiyo hiyo mkubwa wake alikuwa anakuja kutoka Nairobi kulitazama pipa.

Jumatano tukaanza saa mbili. Soko halikuwepo siku hiyo lakini watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya soko. Nilimwonyesha askari kibali. Akakisoma mara mbili, akakikunja, akakitia ndani ya soksi, akafumba macho kama alivyoahidi. Mzunguko wa kwanza ukaisha salama. Wa pili pia. Muuza maziwa alitembea kando yangu akiwa na kibuyu chake. Tulipokuwa katika mzunguko wa tatu likatokea gari la ng'ombe kutoka Soin, maksai kumi na sita, limejaa mahindi ya masuke yaliyorundikwa hadi yanafurika nyuma. Dereva wake alitembea kando na mjeledi begani, Mkipsigis mrefu, mtu wa kicheko, niliyemwandika kwenye karatasi zangu mara nyingi bila kumjua. Likaingia mduara kwa upande wa halali. Sisi tukawa tunakuja upande usio halali. Tukakutana uso kwa uso.

Dereva akasimama. Maksai hawakusimama, wao waliendelea. Akamtazama muuza maziwa, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Wewe! Unafanya nini na huyu karani?"

"Tunaachana," akajibu, bila kupunguza mwendo.

"Mnaachana?"

"Imebaki moja na kidogo."

"Mlioana lini?"

"Jumamosi."

Dereva akahesabu kwa vidole. "Jumamosi mimi nilikuwa Soin," akasema.

"Ndiyo. Ndipo tukapata nafasi."

Nikamuuliza yeye ni nani. "Mimi?" akasema. "Mimi ni mume wake. Tuna watoto watatu."

Nikamgeukia shangazi. Alikuwa ameketi kwenye nyasi na wale wazee wake wawili, shuka kwenye mdomo, mabega yakitetemeka. Mmoja wa wazee alikuwa amelala chali kabisa, miguu juu. Soko zima lilijua. Tangu Jumamosi kila mtu, toka Kapsoit mpaka Kericho, alijua, isipokuwa mimi na Serikali.

Dereva naye alipoelewa, mjeledi ulimdondoka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajaribu kuinuka, akakaa tena. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwaambia maksai watoke barabara ya Kericho. Wakaipita. Wakazunguka. Maksai kumi na sita na gari lao ni kitu kirefu, na mduara wetu, kwa bahati ya ajabu, ulikuwa na urefu huo huo. Maksai wawili wa mbele walizunguka pipa wakatokea nyuma ya gari lao wenyewe, na hapo, sawasawa na pua zao, yakawa yananing'inia mahindi.

Wale maksai wawili walikuwa wametembea tangu alfajiri. Wakanyoosha shingo wayale. Lakini kila walipopiga hatua kuyafikia mahindi, waliwavuta wenzao, wenzao wakalivuta gari, gari likayapeleka mahindi mbele hatua moja. Wakaongeza mwendo. Mahindi nayo yakaongeza mwendo. Nimewaona maksai wengi maishani, lakini sijawahi kuona wanaofanya kazi kwa moyo namna ile. Vumbi lilipanda. Masuke yaliruka. Katikati ya duara, juu ya pipa, askari alifumbua macho, akajikuta amezungukwa na ng'ombe pande zote, wanakwenda mbio bila kwenda popote. Akainua soksi zote mbili. Akageuka nao, akageuka, akageuka, mpaka kizunguzungu kikamshika akakaa chini na kulikumbatia pipa.

Dereva alikimbia kwenda kusimama mbele ya maksai awazuie, lakini maksai hawakuwa na mbele. Popote aliposimama palikuwa ni kando. Akakimbilia breki ya gari. Kigogo cha breki alikuwa amemkopesha mwenzake.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika motokaa ya Bwana Barabara kutoka Kericho, na mkubwa wake wa Nairobi ameketi kando yake, kofia magotini. Nyuma yao lilisimama lori la chai. Kutoka Sondu ng'ombe wa mtoni wakafika wakasimama, wakitazama wenzao kwa mshangao. Akina mama wa samaki wakatua vikapu wapate kuona vizuri. Kengele ya baiskeli ya mwalimu wa katekisimu ikasikika kilimani, kisha kelele zake, kisha akapita kasi kando ya umati akaingia kichakani, na kwa muda hatukumsikia tena.

Mkubwa alitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza, na Bwana Barabara alinisimulia baadaye maneno yenyewe: "Hilo gari linakwenda wapi?"

"Kericho," Bwana Barabara akamjibu.

"Tangu lini?"

Mimi nilikuwa bado nimesimama ndani ya mduara wa mawe, kati ya maksai na pipa, pamoja na mke wa mtu. Nilitamani ardhi inimeze. Muuza maziwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anacheka, tena kwa sauti, ameegemea pipa karibu na miguu ya askari. Akanimiminia mursik kwenye kifuniko cha kibuyu. "Kunywa, Karani," akasema. "Hapa tutakaa." Nikanywa. Ilikuwa kali, na ina majivu yake ndani, yale ya kusugulia kibuyu, na ilinituliza moyo zaidi ya nilivyotarajia.

Aliyetuokoa ni shangazi. Alijipangusa machozi, akaja na fimbo yake mpaka kando ya mduara. Gari lilipopita mbele yake akachomoa masuke mawili ya mahindi kwa mikono, bila haraka, kama anachuma bustanini kwake. Gari lilipita, wakafuata maksai wawili wa mbele, pua zikiwa angani. Akawapelekea suke moja kila mmoja chini ya pua, akaanza kurudi nyuma kinyumenyume kwenye barabara ya Kericho akiwaita kwa majina yao. Wakamfuata. Wenzao wakawafuata wao, jozi kwa jozi, na gari likawafuata wote, na mduara wote ukafunguka ukawa mstari mmoja mnyoofu unaokwenda Kericho, mahali ulipokuwa unakwenda tangu mwanzo. Umati ukashangilia. Mkubwa alishuka motokaa akampa shangazi mkono.

Akamuuliza kupitia kwangu, na mimi kupitia kwa muuza maziwa, maana mbele ya mkubwa shangazi alitaka kusema kwa lugha yake, kama ana wazo lolote kuhusu njia panda hii. Swali likapita midomo mitatu likamfikia. Jibu lake likarudi njia ile ile.

"Ng'ombe walikuwa na njia yao pale juu, nyuma ya ile miti," alisema. "Toka zamani. Wanashukia mtoni bila kugusa barabara, na gari la maksai linapita huko huko mpaka ng'ambo. Wakaiacha mlipojenga lile ghala la majembe katikati yake."

Sote tukageuka tukalitazama ghala la majembe. Lilikuwa la Bwana Barabara. Alilijenga wiki yake ya kwanza, na lilikuwa limenyooka sana.

Ghala likahamishwa kabla ya mwezi kuisha. Bwana Barabara alifyekesha ile njia ya juu, akaipanua, akaiandikia ripoti nzuri yenye ramani, nami nikaipiga taipu. Ripoti ilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina imeonekana vema kutenga njia ya mifugo na njia ya magari. Nilimuuliza kama tumtaje shangazi. Akafikiri, akasema niandike "mkaazi mwenye uzoefu." Niliona ni heshima ya kutosha, ingawa shangazi nilipomfasiria alitaka kujua kwa nini hawakuandika tu jina lake, kwa kuwa analo.

Njia ile ilifanya kazi. Siku ya kwanza Bwana Barabara alisimama na saa mkononi, lori likapita, motokaa ikapita, wala hakuna aliyengoja mtu. Hata akina mama wa samaki waliipenda njia ya juu, na safu yangu ya Mengineyo ikabaki tupu mpaka nikaona huruma, nikamwandika ndege mmoja. Pipa tuliliondoa. Mawe meupe hatukuhitaji kuyaondoa, yaliondoka yenyewe moja moja, na kwa miezi mingi baadaye ukiingia jikoni kwa watu wa Kapsoit uliona mafiga yaliyopakwa chokaa.

Kwa kuwa hakukuwa na cha kuhesabu, kazi yangu nayo ikaisha. Bwana Barabara alinitafutia nafasi ya ukarani kwenye ofisi ya shamba moja la chai, mahali pakavu, na siku ya kuagana alinishika mkono akasema, "Wewe karani mzuri. Kaa vizuri. Oa polepole." Nadhani ndiyo maneno marefu kuliko yote ya fadhili aliyowahi kutunga kwa Kiswahili.

Mwezi uliofuata yule dereva alinialika nyumbani kwao, upande wa kuteremka Soin. Nilikwenda kwa mashaka, nimevaa tai. Watoto wote watatu walikuja kunitazama, mkubwa akamuuliza mama yake jambo, mama yake akajibu, wakakimbia nje wakicheka. Tulikula kimyeti, ule ugali wa wimbi, na nyama ya mbuzi. Shangazi alikuwepo, akaketi karibu nami akinisogezea minofu, akiniuliza habari za yule binti wa kwaya, maana hata hilo walikuwa wamekwisha kulijua. Nikamwambia bado hajajibu barua yangu ya mwisho. Akasema nisiandike ndefu.